Samaki Hawakuwa na Kosa

Ukitaka kujua jinsi mama mzima anavyofukuzwa kwa mwanawe bila mtu kutamka neno "toka", anzia kwenye gunia la samaki.

Gunia lilikuwa la Asekon. Alilileta mwenyewe kutoka Kataboi, kule ziwani alikozaliwa, akaolewa, akamzika mume, na ndani yake mlikuwa na samaki waliopasuliwa, wakatiwa chumvi, wakaanikwa hadi wakakauka kau. Aliliweka kwenye kona ya chumba alicholala na mjukuu wake Nakiru, katika nyumba ya mwanawe Ejore pale Nawoitorong, mjini Lodwar. Gunia likiisha, analeta jingine. Hakuna aliyenung'unika. Hata Makena, mke wa Ejore, mzaliwa wa Meru aliyekuja Lodwar kwa kazi ya ofisini, alijifunza kuwachemsha wale samaki kwa nyanya na vitunguu, akala, akalamba vidole.

Na tuseme ukweli, Makena hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia Asekon godoro zuri. Alimwita mama bila kubana meno. Aliporudi kazini baada ya kujifungua, mtoto alibaki kwa bibi yake, na ni bibi aliyemlisha uji, akamwogesha, akakesha naye akiwa na homa. Nakiru alimwita Ata, kama watoto wa Kiturkana wanavyomwita bibi. Asekon hakuwa na haja ya kitu kingine chini ya jua. Mbuzi wake walikwisha kwa ukame, mume alikuwa mchangani, na Ejore alikuwa dereva wa lori, leo Kitale kesho Lokichoggio. Aliyebaki naye ni huyo msichana mwenye jino la mbele linalocheza, ambaye hangelala mpaka ashike shanga za shingoni mwa bibi yake.

Kisha Makena akanunua friza.

Biashara ya barafu Lodwar haihitaji maelezo. Jua la pale halina adabu, na mtu mwenye maji baridi hakosi wateja. Friza ikasimama sebuleni. Soketi ya sebuleni ilikuwa imekufa zamani, basi Ejore akavuta ekstensheni kutoka chumba cha mtoto, akaipitisha chini ya mlango, na kwenye ekstensheni hiyo moja wakachomeka friza, feni, televisheni na chaja za simu. Plagi ya ekstensheni yenyewe ilikaa kwenye soketi ya ukutani, pale pale kwenye kona, juu kidogo ya gunia la samaki. Ilikuwa imelegea. Ukiigusa inacheza kama lile jino la Nakiru. Ejore akakunja kipande cha karatasi, akakisokomeza pembeni ikakaza, akajisifu kwamba hata fundi angemwamkia. Ufundi gani huo, jamani!

Haikupita muda nyumba ikaanza kunuka.

Ilikuwa harufu ya samaki, hilo hakuna aliyelibisha. Lakini Asekon, aliyekulia kwenye samaki, aliisikia akakunja uso. Ilikuwa na ukali ndani yake, kama mkojo uliokaa. Ilikuja mchana, friza ikinguruma na feni ikizunguka. Stima ikipotea, nayo inapotea. Akawatoa samaki wake wote, akawapanga uani, akawanusa mmoja mmoja. Wazima. Akawarudisha ndani.

"Mama, hawa samaki wako wameoza," Makena akamwambia siku hiyo jioni alipofika kutoka kazini.

"Samaki yangu iko sawa, mama Nakiru. Hii harufu inakuja, inaenda. Samaki haiendi."

"Kwani harufu ina miguu?"

Asekon akacheka kidogo, kwa adabu, maana nyumba si yake. Lakini lile neno lilimkaa rohoni.

Kuna siku moja alikuwa akifagia kwenye ile kona, mkono wake ukagusa soketi. Ilikuwa na joto. Akautoa mkono, akaendelea kufagia. Na hapo ndipo ninapotaka kumkasirikia, lakini nashindwa, kwa sababu nani katika mji ule angefanya vingine? Pale Lodwar hata komeo la mlango linaunguza. Kijiko ulichokisahau dirishani kinaunguza. Unafungua bomba uoge, maji yanatoka tayari kwa chai. Mtu wa Nyeri, kule kwenye baridi, akigusa soketi yenye joto atashtuka. Mtu wa Lodwar atasema ni mchana tu, akaendelea na yake. Ejore naye aliigusa, akasema vivyo hivyo. Makena aliigusa alipokuwa akitafuta chaja, akaichukua chaja yake akaenda.

Mambo yakaharibika siku akina mama wa kanisa walipokuja kwa maombi. Waliketi sebuleni, wakaimba, na katikati ya sala mmoja akajifunika pua kwa leso. Wa pili akamwangalia wa kwanza. Makena aliwaona. Uso ukamwiva kwa aibu, na wageni walipoondoka alilibeba lile gunia kwa mikono yake mwenyewe, akalitupa uani, mbuzi wa jirani wakalipasua.

Asekon alisimama mlangoni akitazama samaki wake wakikanyagwa. Alijiambia, heri nusu shari. Gunia limekwenda, sasa wataniacha na mtoto wangu.

Lakini harufu haikwenda. Kesho yake mchana ilikuwepo, tena kali kuliko jana. Hapo Makena akamaliza kufikiri, akafika mahali ambapo hasira hufika ikikosa pa kwenda.

"Imeingia kwa nguo zako, mama," alisema bila kumtazama usoni. "Imeingia hadi kwa mtoto. Shuleni wanamwambia ananuka."

"Ata hanuki!" Nakiru akapiga kelele. "Ata ananuka sabuni!"

"Nyamaza wewe. Wakubwa wanaongea."

Basi wakubwa wakaongea, na maneno yenyewe yalikuwa matamu kwelikweli. Makena akampigia Ejore. Ejore, ambaye hakutaka makelele kwenye simu akiwa njiani, akakubali kila alichoambiwa. Mama aende kwa Akai, binti yake, kule Kakuma. Apumzike kidogo. Amelea sana, amechoka, abadilishe hewa kidogo. Hayo "kidogo" yalikuwa mengi hata Asekon akaelewa. Ejore mwenyewe ndiye aliyempakia kwenye lori, akamfungia mlango taratibu, akamuuliza kama amekaa vizuri. Nakiru aling'ang'ania shanga za bibi yake hadi uzi ukakatika, zikamwagika mchangani. Hakuna aliyepewa nafasi ya kuziokota.

Kule Kakuma, Akai alikuwa na saluni karibu na njia ya kwenda kambi ya wakimbizi. Wateja wake walikuwa wa kila aina, Waturkana, Wasomali, Wasudani, Wakongo, kila mmoja na Kiswahili chake. Asekon alipewa kiti mlangoni. Alikaa hapo kutwa nzima akiwatazama watu wakiingia na vichwa vyao. Mwanzoni alizungumza na Nakiru kwenye simu ya Makena. Baadaye mtoto akawa amelala. Kisha akawa kwa jirani. Kisha simu ikawa inalia tu.

"Achana nao, mama," Akai akamwambia. "Kwani hapa huli?"

"Nakula. Lakini uchungu siumezi."

Basi Jumapili moja, mchana, saluni imejaa, Akai alikuwa akimkausha nywele mteja wake mmoja wa Kongo, Mama Furaha. Drayari ilikuwa kwenye ekstensheni, na kwenye ekstensheni hiyo hiyo birika la chai lilikuwa likichemka, feni ikizunguka. Asekon akainua kichwa. Akanusa. Akasimama wima.

"Samaki!" alisema. "Akai, hapa kuna samaki?"

"Samaki atoke wapi?"

Mama Furaha naye akanusa, akaruka kutoka kitini, kitambaa kingali shingoni. "Ile haiko samaki! Ni prizi inaungua! Iko wapi prizi yako?"

Akai akanyoosha mkono kuing'oa plagi. Mama Furaha akamdaka kifundo cha mkono. "Usiguse! Ikikushika tutakuokota na ufagio. Zima kule juu kwanza, kila kitu!"

Akai akapanda kwenye kiti, akazima swichi kuu iliyokuwa juu ya mlango. Feni ikasimama. Wakaiacha soketi ipoe, ndipo Akai akaivuta plagi. Jino moja la plagi lilikuwa jeusi. Uso wa soketi ulikuwa umegeuka rangi ya chai, umebabuka upande mmoja. Na ile harufu ilikuwa inatoka hapo hapo, kwenye matundu, kana kwamba mtu ameficha gunia zima la samaki ndani ya ukuta.

"Kambini nyumba ya jirani yetu ilienda hivi," Mama Furaha akasema, akijifunga kitambaa upya. "Walitafuta samaki nyumba mzima. Mpaka moto ukawaonyesha."

"Nimeibebesha mzigo mwingi," Akai akasema, akijipiga kofi pajani. "Na plagi imelegea. Hapa siwashi kitu tena mpaka fundi aje aibadilishe, aangalie na waya za ndani."

Asekon alikuwa akicheka. Alicheka kwa sauti, mikono kiunoni, machozi yakimtoka, hata wateja wakaanza kumtazama vibaya. Samaki wangu! Samaki wangu wa Kataboi, jamani, mmetupwa kwa mbuzi bure! Alitamani Makena awe pale, asimame mbele ya ile soketi, atiwe pua ndani. Ilikuwa furaha chungu, furaha ya mtu aliyesingiziwa, na alijiachia nayo kwa muda.

Kisha akakumbuka kitanda.

Gunia lilipoondolewa, ile kona ilibaki wazi. Na siku ile, kabla ya kupandishwa kwenye lori, alimwona Ejore kupitia dirishani akikisukuma kitanda cha Nakiru kwenye kona, ili mtoto apate nafasi ya kuchezea. Mto wa mtoto ulikuwa chini ya soketi. Chandarua kilining'inia juu yake.

Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Nipe simu," akamwambia Akai. "Nipe simu sasa hivi."

Makena alikuwa na wageni. Wale wale akina mama wa kanisa walikuwa wamepita baada ya ibada, na yeye alikuwa jikoni mikono imejaa unga, basi akaipokea simu kwa kidole kimoja na kuiweka sauti kubwa. Asekon hakujua hayo. Hakusalimu hata. Ni wapi utapata muda wa salamu?

"Mama Nakiru, toa mtoto kwa hiyo chumba. Toa saa hii. Hiyo nyumba itaungua."

Jikoni kule Makena akaacha kukanda unga.

"Unasemaje?" Makena akauliza.

"Itaungua! Nimejua sasa, nimeona na macho yangu. Sikiza, si samaki..."

"Mama, hivyo ndivyo unaniambia? Kwa nyumba yangu? Siku ya Bwana?"

"Sikiza, ni ile soketi..."

Lakini alikuwa akiongea na hewa. Makena alikuwa amekata. Asekon akapiga tena, ikakatwa. Akapiga tena, ikawa haipatikani. Sasa, mtu wa mbali anaweza kucheka, lakini katika nchi ile neno la mama mzazi si mchezo. Mama aliyeumizwa akisema nyumba itaungua, watu hawamuulizi amejuaje. Na wale akina mama, pamoja na Biblia zao mapajani, walisikia kila neno, wakatazamana, mmoja akaanza kukemea mapepo.

Akampigia Ejore. Ejore alikuwa Lokichoggio akisubiri kushusha mzigo.

"Mama, pole pole," alisema baada ya kumsikiliza. "Ile soketi niliikaza mimi mwenyewe."

"Ina joto, Ejore. Niliigusa."

"Lodwar nini haina joto? Hata mlango una joto." Akacheka. "Nitaiangalia nikirudi. Usijisumbue roho. Na huyo Makena usimpigie na maneno ya moto, unajua alivyo."

"Mwambie tu azime. Azime friza, aitoe ile plagi. Hilo tu."

"Barafu ya watu itayeyuka, mama. Nitaiangalia, nimesema."

Asubuhi iliyofuata Asekon alikuwa kwenye stendi ya Kakuma, amekaa ndani ya gari la Lodwar ambalo lilikuwa halijajaa. Dereva alikuwa akinywa chai. Abiria walikuwa wakiingia kwa madaha yao, mmoja na jogoo, mwingine na mtungi wa gesi. Asekon alimsihi dereva waondoke. Dereva akamwambia, shosho, tukijaa tunatoka. Jua likapanda. Gari lilipokaribia kujaa, simu aliyoazimwa na Akai ikalia. Ilikuwa namba ya Awino, jirani wa Nawoitorong, muuza mitumba.

"Mama Asekon," Awino alisema, na sauti yake ikavunjika papo hapo. "Mtoto yuko hai. Kwanza ujue hilo. Mtoto yuko hai."

Nakiru alikuwa amelala. Mwalimu alikuwa amemrudisha mapema kwa sababu ya homa, na msichana wa kazi akamlaza, akatoka kuteka maji. Moto ulitoka kwenye soketi, ukashika chandarua, chandarua kikamwangukia. Awino alisikia kilio, akaingia kwenye moshi, akamvuta kwa mguu. Mwanamume mmoja akaleta ndoo ya maji akairushia ile soketi, na stima ikamtupa hadi ukuta wa pili, akaponea chupuchupu. Mpaka mtu alipokumbuka kuikata kwenye mita, paa lilikuwa linawaka.

Hospitalini Lodwar, Asekon alimkuta Makena mlangoni mwa wodi. Nguo ya ofisini ilikuwa imejaa masizi, kiatu kimoja hakipo. Asekon alitaka kumkumbatia. Naam, baada ya yote yale, alitaka kumkumbatia.

"Usikanyage hapa," Makena akasema.

"Nataka kumwona tu."

"Umeridhika sasa?" Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Ulisema itaungua. Watu walisikia. Mkono wa mtoto umeungua kutoka bega hadi kiwiko. Ngozi imebanduka, mama. Umeridhika?"

"Nilikuwa naambia wewe ni soketi!"

"Ulisema itaungua."

Nyuma ya pazia mtoto alikuwa akilia, kilio kile cha koo lililokauka, na katikati ya kilio aliita, "Ata!" Asekon akapiga hatua. Makena akaufunga mlango.

Habari zilifika Kakuma kabla yake. Aliporudi kwenye kiti chake cha mlangoni, wateja walianza kuzunguka upande wa pili ili wasipite karibu naye. Mwanamke mmoja aliyekuwa na kichanga mgongoni alimvutia mtoto kanga kichwani asiangaliwe. Mama Furaha peke yake ndiye aliyekuja kuketi naye, akamsimulia kila mtu habari ya prizi, kila mtu akatikisa kichwa kukubali, na hakuna aliyeamini.

Baada ya majuma kadhaa Ejore akaja. Alilisimamisha lori mbele ya saluni, akashusha mbuzi na furushi la tumbaku. Alikuwa amekonda. Akavua kofia, akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, mchana kweupe, watu wakitazama.

"Ejok, mama," alimsalimu kwa Kiturkana. "Nimekuja kukuomba. Ondoa maneno yako."

"Nakiru hajambo?"

"Ametoka hospitalini. Mkono unapona. Tumehamia nyumba nyingine, palepale mtaani. Lakini mama, hatulali. Makena anaamka anashtuka. Mtoto anakulilia. Ondoa laana, utubariki, na mimi mwenyewe nitaongea na Makena. Utamwona mtoto."

Utamwona mtoto. Moyo wa Asekon ulimruka.

"Ejore, mwanangu. Sikukulaani. Ile soketi ilikuwa inaungua tangu mimi nikiwepo. Harufu ile ilikuwa yake."

"Najua, mama. Fundi aliyekuja kuangalia naye alisema moto ulianzia kwenye soketi." Ejore akainua macho. "Lakini nani aliiambia soketi iungue?"

Lo! Utamjibu nini mtu kama huyo? Asekon alimtazama mwanawe, mwanamume mzima, dereva anayejua lori lake hadi msumari, na akaona kwamba neno "soketi" limemwingia sikio hili likatokea lile.

"Friza je?" akamuuliza polepole. "Nayo iliungua?"

"Friza ilipona. Waliwahi kuitoa nje."

"Na kwenye nyumba hii mpya iko wapi?"

"Sebuleni."

"Imechomekwa wapi?"

Ejore akashangaa swali. "Kwa ekstensheni. Nilinunua nyingine."

"Na feni?"

"Hapo hapo. Na televisheni. Mama, hayo tutayaangalia, nikipata nafasi nitaita fundi. Kwanza bariki."

Akai akaleta maji kwenye kibuyu. Hivyo ndivyo inavyofanyika: mama anaweka maji mdomoni, anampulizia mwanawe kifuani, anasema maneno mema, na yaliyopita yanakatika. Asekon akapiga funda. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Ejore alifungua vifungo vya shati, akafumba macho, akangoja.

Na Asekon akayaona yote waziwazi, maji yangali mdomoni. Akimpulizia, Ejore atafurahi. Atarudi Lodwar akiimba. Atamwambia Makena kwamba yamekwisha, na kwa sababu yamekwisha, nani atahangaika na fundi? Friza itanguruma. Plagi itapata joto, na watasema ni mchana. Harufu itakuja, na safari hii hakutakuwa na mama mzee wa kusingizia, watatafuta panya aliyekufa. Na mtoto atalala. Alimwambia kama mama, Ejore akacheka. Alimsihi kama mama, Ejore akasema barafu itayeyuka. Neno la mama halikumtisha hata kidogo mpaka lilipogeuka laana.

Akayameza yale maji.

Ejore akafumbua macho.

"Ni mimi," Asekon akasema. "Nililaani."

"Mama!" Akai akapiga kelele. "Usiseme hivyo, watu wanakusikia!"

"Wasikie. Nililaani, na laana bado ipo. Haitoki kwa mbuzi, haitoki kwa tumbaku." Alisimama. Sauti yake hata yeye hakuitambua. "Nimelaani soketi ya kila nyumba utakayohamia. Inatoka kwa njia moja. Utamleta fundi wa kweli, wa cheti, si rafiki yako. Ataipa friza soketi yake peke yake ukutani, isishirikiane na kitu. Sema."

"Friza iwe na soketi yake," Ejore akasema.

"Ekstensheni isibebe vitu vizito. Plagi ikicheza, usisokomeze karatasi, badilisha soketi. Sema."

Akasema.

"Ukigusa ukuta ukasikia joto, usiseme ni Lodwar. Ukinusa samaki na hakuna samaki, usimtafute mtu. Nenda kwenye swichi kuu, uzime yote, ndipo uguse plagi. Usimwage maji kwenye stima. Na kitanda cha mtoto kisikae chini ya soketi, wala nguo, wala chandarua. Ukivunja moja tu kati ya haya, Ejore, maneno yangu yatarudi, na mimi nitakuwa nimekufa, hutakuwa na wa kumpigia magoti."

Ejore aliyarudia yote, moja baada ya jingine, jasho likimtiririka. Alikuwa hajawahi kumsikiliza mama yake hivyo tangu azaliwe. Alipoinuka hakumpa mkono. Alirudi kinyumenyume hadi kwenye lori, kama mtu anayeondoka mbele ya mbwa asiyemfahamu. Wale waliokuwa wamesimama njiani wakampisha, kisha wakatawanyika wakinong'ona, na Mama Furaha, ambaye alikuwa amemtetea siku zote hizo, alichukua mkoba wake akaenda bila kuaga.

Wiki ile ile simu ikaja. Ejore alikuwa na furaha.

"Fundi amemaliza, mama. Amebadilisha soketi zote. Friza ina yake. Ameweka na swichi inayojizima yenyewe mzigo ukizidi. Kitanda tumekisogeza katikati ya chumba. Nimegusa ukuta, uko sawa."

"Umeugusa mchana?"

"Mchana, mama, friza ikiwaka. Sasa ondoa."

Asekon akatoka nje na kibuyu, akageukia upande wa Lodwar, akapuliza maji kwa nguvu ili ayasikie kwenye simu. "Nimeondoa," alisema. "Lala salama. Sasa nipe Nakiru nimsalimu."

Asekon alisikia friza ikinguruma kwa mbali, vizuri, bila kukatika.

"Mama... Makena amesema mtoto akae mbali na wewe. Kidogo tu. Umekiri mwenyewe, mama, mbele za watu. Nitamwambia nini? Si milele. Kidogo tu."

"Sauti yake tu, Ejore. Sitasema kitu. Nisikie tu."

Kabla hajajibiwa, akaisikia. Ilikuwa karibu kabisa na simu, sauti ya mtoto aliyepungukiwa na jino.

"Baba, unaongea na nani?"

"Fundi wa stima," Ejore akamjibu mtoto, akakata simu.